Kapita, Ni Nani Aliyekutuma?



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya neno moja. Ni neno dogo, na hapa Kolwezi linajulikana tangu zamani, kwa watoto wa shule na kwa wazee wa pensheni. Lakini lilitoka mbali sana, na njiani liliumiza watu wengi. Neno lenyewe ni kapita.

Jambo lilianza hivi. Siku moja tulikuwa tunasoma na vijana habari za mateso ya Bwana Yesu katika Injili ya Mathayo, sura ya 27. Tulikuwa na Biblia ya Kiswahili cha Afrika ya Mashariki, na ndani yake Pilato anaitwa liwali. Binti mmoja wa koro akainua mkono.

— Pasta, huyu liwali ni nani? Ni sultani? Ni gavana? Shiye huku hatusikiake hili neno.

Mbele sijafungua kinywa, muzee mmoja aliyeketi nyuma akamjibu:

— We mwana, Pilato alikuwa kapita ya Kaisari. Njo ile tu.

Vijana wakacheka. Mimi sikucheka, na nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, muzee alikuwa amesema kwa maneno machache jambo ambalo mimi ningelisema kwa nusu saa. Ya pili, nkambo yangu, baba ya baba yangu, alikuwa kapita. Nilirudi nyumbani na neno lile kichwani, nikaanza kulifuata nyuma, mahali lilipotoka. Leo nakupa niliyoyaona njiani.

LIWALI: MTU WA PWANI

Tuanze na neno la yule binti, tusimwache bila jibu. Liwali ni neno la Kiarabu. Waarabu wanamwita wali mtu aliyewekwa kusimamia mahali kwa niaba ya mkubwa wake. Kama Wafaransa wanavyotia le mbele ya jina, Waarabu wanatia al, wanasema al-wali. Watu wa pwani wakasikia yote kama neno moja, wakasema liwali. Usiwacheke, maana sisi tulifanya vilevile. Tulisikia l'hôpital ya Wafaransa, tukaichukua na kila kitu chake, tukasema lopitalo.

Katika Kiarabu mzizi wa neno hili una maana ya kuwa karibu, tena kushika madaraka juu ya kitu. Inchi aliyopewa wali kuisimamia inaitwa wilaya, na ndiyo sababu ndugu zetu wa Tanzania wanasema wilaya kwa kitu kinachofanana na territoire yetu. Kumbe liwali si mkubwa mwenyewe. Ni mtu aliyesimama karibu na mkubwa, na nguvu yake inatoka kwa ule ukaribu.

Masultani wa Oman, na nyuma yao masultani wa Zanzibar, walikuwa na liwali katika miji ya pwani kama Mombasa, Lamu na Malindi. Sultani alikaa mbali, ng'ambo ya maji. Liwali ndiye aliyekusanya ushuru, aliyeamua kesi, aliyepokea barua na kuzijibu. Kwa mtu wa kawaida wa Mombasa, uso wa sultani ulikuwa ni uso wa liwali.

Lakini mtu akikaa siku nyingi katika kiti cha mwenzake, anaweza kusahau mwenye kiti. Katika karne ya 18 watu wa ukoo wa Mazrui waliwekwa Mombasa kuwa maliwali wa Oman. Utawala ulipobadilika kule Oman, ukoo mwingine ukakamata kiti, Mazrui wakakataa kumtii mkubwa mpya. Wakatawala Mombasa kwa jina lao wenyewe hata mwaka 1837, Seyyid Said alipowashinda. Waliingia kama watu waliotumwa, wakageuka kuwa wenyewe.

Waingereza walipofika hawakuliondoa neno. Kwa mapatano ya mwaka 1895 walichukua kazi ya kutawala pwani ya Kenya, lakini bendera ya Sultani ilibaki, na liwali alibaki. Alikuwa sasa na wakubwa wawili, Sultani kwa jina na Mwingereza kwa nguvu. Mambo yale yalikwisha mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru wake.

Na usifikiri kwamba neno hili halikufika Kongo. Tarehe 24 Februari 1887, kule Zanzibar, Stanley aliandikiana mapatano na Tippu Tip kwa jina la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Jina lake la kweli Tippu Tip ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mtu mwenye bunduki nyingi kuliko mfalme mwenyewe katika inchi ile. Karatasi ile ilimfanya kuwa wali wa Stanley Falls, mahali ambapo leo ni Kisangani, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Basi mwaka ule mfalme wa Ulaya ambaye hajakanyaga Kongo alimwajiri mtu wa Zanzibar kuwa liwali wake juu ya watu ambao hawakuulizwa neno. Miaka michache nyuma Tippu Tip alirudi kwao pwani.

PILATO NA MKUBWA WAKE

Sasa unaweza kurudi kwa Mathayo 27 na kusoma kwa macho mengine. Pilato hakuwa mfalme. Mwaka 1961 watu wanaochimba vitu vya zamani walikuta jiwe katika magofu ya Kaisaria, kando ya bahari. Juu ya jiwe kuna jina la Pilato na cheo chake cha Kirumi, praefectus, maana yake mtu aliyewekwa mbele. Aliwekwa na nani? Na Kaisari Tiberio, aliyekuwa mbali. Muzee wetu alisema sawasawa, alikuwa kapita ya Kaisari.

Injili zinatuonyesha kwamba Pilato aliona vizuri ya kuwa Yesu hana kosa. Alisema hivyo mbele ya watu. Kilichomgeuza ni nini? Yohana 19 inaeleza: watu walimtisha kwa mkubwa wake. Walimwambia ya kuwa akimwachilia mtu huyu, si rafiki wa Kaisari tena. Palepale magoti yakalegea. Akaogopa ripoti itakayofika Roma kuliko damu iliyokuwa mbele yake. Nyuma ya hayo akaomba maji, akanawa mikono.

Ndugu msomaji, kunawa mikono ni desturi ya makapita tangu zamani. Anayemtuma anasema, "Mimi sikuwa pale." Anayetumwa anasema, "Mimi nilitumwa tu." Na mtu aliyeumizwa anabaki kati, hana wa kumshitaki.

KILOLO NA CHUMVI ILIYOFICHWA

Mtu mmoja ataniambia, "Pasta, hayo ni ya Waarabu, Warumi na Wazungu. Wazee wetu hawakuwa vile." Tusikimbie. Wazee wetu pia walikuwa na wajumbe wa utawala, na walikuwa na neno lao.

Waluba wanasema kilolo, na wengi wao bilolo. Walunda wa Mwant Yav wanasema cilol. Ni mkubwa wa chini, aliyepewa watu na inchi kwa jina la mfalme. Kilolo alipeleka mulambu juu, yaani matoleo ya kumheshimu mfalme: chumvi, ngozi, nyama, samaki, vitu vya inchi yake. Tena alirudisha chini neno la mfalme. Alikuwa kama daraja, watu wanapita juu yake wakienda na wakirudi.

Walunda waliongeza hekima moja kubwa. Kwao cheo ni kama mtu asiyekufa. Anayekalia kiti anachukua jina la yule wa kwanza, na udugu wake pia. Kama cheo hiki kilikuwa mtoto wa cheo kile, hata nyuma ya miaka 200 anayekishika bado anaitwa mtoto wa yule. Kwa namna hiyo aliyetumwa hawezi kusahau alikotoka, maana jina lake lenyewe linamkumbusha.

Lakini hata hekima ile haikuzuia moyo wa mtu. Sikiliza habari hii ya huku kwetu Lualaba, maana wazee wameisimulia tangu zamani, na Mwata Kazembe wa 14 aliitia katika kitabu cha Kibemba cha historia ya watu wake.

Wanasema Mwant Yav wa Musumba alimtuma mkubwa mmoja jina lake Mutanda Yembeyembe kwenda upande wa mashariki. Mutanda akafika Lualaba ya juu, akakuta mahali penye chumvi ndani ya udongo. Siku zile chumvi ilikuwa mali kama vile leo shaba na kobalti. Mutanda akaikamata. Lakini hakupeleka habari Musumba. Akaficha. Aliendelea kujiita mtu wa Mwant Yav, huku mali ya Mwant Yav anakula mwenyewe.

Chini yake kulikuwa na mtu jina lake Chinyanta. Chinyanta akapeleka habari ya chumvi Musumba. Mutanda aliposikia, hasira ikamwaka, akaamuru atupwe ndani ya mto Mukulweji. Chinyanta akafa maji. Habari ilipofika kwa Mwant Yav, hakunyamaza. Alimwita mtoto wa Chinyanta, Ng'anga Bilonda, akampa mamlaka na jina la Kazembe. Watu wa Kazembe wakaendelea mashariki mpaka bonde la Luapula, na hata leo Mwata Kazembe anakaa Mwansabombwe, inchi ya Zambia.

Na neno kazembe lenyewe likaendelea na safari yake. Walunda waliwapa jina hilo wakubwa zaidi ya mmoja waliowatuma mbali. Kule Malawi, katika Kichewa, kazembe leo ni balozi, mtu anayesimama katika inchi ya wengine kwa jina la inchi yake.

Tazama vizuri, kijana. Inchi ni hii yetu. Mali ilitoka katika udongo huu. Aliyetumwa aliificha, na aliyesema kweli alitupwa mtoni. Habari ile ni ya zamani sana, lakini ukiisoma unaona kama ni ya juma lililopita.

KAPITA: KICHWA KILICHOAZIMWA

Sasa tufike kwa neno letu. Kapita ni neno la Wareno. Walifika mdomo wa mto Kongo mwaka 1482, na kwa miaka mingi walifanya biashara Angola na kandokando ya Zambezi. Wao wanamwita capitão mkubwa wa askari, wa mashua au wa msafara. Neno lile lilitoka kwa Kilatini, caput, maana yake kichwa. Likaingia katika lugha nyingi za watu weusi. Malawi wanasema kapitawo, sisi tunasema kapita. Kwa hiyo kwa asili kapita ni kichwa. Lakini tazama ajabu: huku kwetu neno lilipewa mtu ambaye kichwa chenyewe kiko mahali pengine. Kapita ni kichwa kilichoazimwa.

Leopold II alikuwa mwenye Kongo tangu 1885 hata 1908. Katika miaka yote ile hakukanyaga Kongo hata siku moja. Mfalme alikuwa Brussels. Gavana wake mkuu alikuwa Boma. Chini ya gavana walikuwa wakubwa wa wilaya, chini yao wakubwa wa posti, na chini kabisa, ndani ya kijiji, mbele ya mlango wa nyumba yako, alikuwa kapita. Watu waliita utawala ule Bula Matari, mvunja mawe, jina walilompa Stanley kwanza. Lakini Bula Matari hakuonekana. Aliyeonekana ni kapita.

Katika inchi ya mpira, upande wa Équateur, makampuni yaliweka vijijini walinzi wenye bunduki ili watu walete mpira. Wengi waliitwa kapita. Mara nyingi walikuwa watu weusi kama wenzao, wametoka kijiji kingine, nao juu yao kulikuwa na Mzungu anayewauliza kila juma: mpira uko wapi? Kapita akipeleka kidogo, anapigwa yeye. Kwa hiyo aliwapiga wengine. Mwaka 1904, kule Baringa, mmisionari Mprotestanti Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja jina lake Nsala. Baba ameketi barazani, anatazama mkono mdogo na mguu mdogo mbele yake. Ni vya binti yake, aliyeuawa na walinzi wa kampuni. Mwaka uleule ikatoka ripoti ya Roger Casement, konsuli wa Uingereza, aliyepita kule mwaka 1903 akawasikiliza watu. Makelele yakawa mengi Ulaya, na mwaka 1908 Kongo ikaondolewa mikononi mwa mfalme, ikawa koloni la Ubelgiji.

Leopold alinawa mikono. 

Wakati wa Wabelgiji neno likabaki, likapata kazi nyingine. Sultani aliyekubaliwa na serikali alivaa medali kifuani. Chini yake, katika kijiji kidogo, mara nyingi kulikuwa na kapita, mtu wa kuhesabu watu, kukusanya kodi, kuwatoa watu kwa kazi ya barabara. Na migodi ilipofunguliwa, kapita akaingia pia shimoni. Alikuwa mkubwa wa kundi. Mzungu alisema neno moja kwa kapita, kapita akalisema kwa watu 20 au 30, kwa lugha wanayosikia. Jioni kapita alijibu kwa kazi ya wote.

KITABU CHA NKAMBO

Nkambo yangu alikuwa kapita wa namna hiyo, katika miaka ya 1950. Sisi wajukuu tulijivunia. Alikuwa na kofia nzuri, baiskeli, na kitabu kidogo chenye majalada meusi alichotia mfukoni pamoja na kalamu. Katika kitabu aliandika aliyekuja kazini na asiyekuja. Asiyekuja hakupata posho ya siku ile. Ndiyo ilikuwa sheria, na hakuitunga yeye.

Nkambo alikufa nilipokuwa kijana. Kwenye matanga watu walikuwa wengi, nyimbo zikaimbwa, wazee wakasimama kumsifu. Usiku, karibu na moto, muzee mmoja nisiyemjua aliniita pembeni. Akaniuliza kama mimi ni mjukuu. Nikasema ndiyo. Akaniambia:

— Nkambo yako alikuwa mutu muzuri. Hakuibaka, hakutukanaka batu. Lakini mimi nilikuwa mutoto, mama alikuwa mugonjwa sana, tata akabaki kwa nyumba siku ine kumuchunga. Nkambo yako alijua, alikuja hata kutusalimia. Na mu kitabu akaandika: hakuja, hakuja, hakuja, hakuja. Ile juma tulilala njaa. Tata hakumukasirikia. Alisema tu: kapita ni vile.

Nikamwuliza, "Tata, kwa nini umekuja basi?" Akasema, "Nilikuja kumuzika. Lakini nilitaka mutu moja wa hii nyumba ajue."

Ndugu msomaji, sijui nkambo angefanya nini kingine. Pengine angeandika uongo, angefukuzwa, na baba yangu asingesoma, na mimi leo nisingeandika barua hii. Pengine angeweza kwenda kwa mkubwa wake na kusema neno moja tu: "Mtu huyu ana mgonjwa." Pengine mkubwa angekataa. Lakini katika maneno ya muzee yule sikusikia kwamba nkambo alijaribu. Alikuja kusalimia, kisha akaandika. Alipeleka chini neno la wakubwa kila siku, lakini hakupeleka juu neno la watu. Daraja lilikuwa la upande mmoja.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kilolo wa kweli na kapita. Mjumbe wa utawala ana kazi mbili, si moja. Analeta amri kwa watu, na anapeleka kilio kwa mkubwa. Akiacha kazi ya pili, hata kama haibi na hatukani, amekuwa kama bomba tu, na linalopita ndani yake si lake kujibu. Yeye anafikiri hivyo. Lakini watu wanakumbuka bomba.

MIZANI YA LEO

Utasema, "Hayo ni ya wazee." Leo watu wengi wanasema chef d'équipe, wanasema superviseur, na kwenye mashimo ya wachimbaji mkubwa wa shimo anaitwa PDG. Neno limebadilika, kiti ni kilekile. Mwenye mali yuko Kinshasa, au Ulaya, au Asia, au hajulikani yuko wapi. Mbele yako yuko kijana mmoja wa hapahapa, mtoto wa jirani, ameshika kalamu.

Kijana mmoja wa kanisa letu alipata kazi kwenye depo ambapo wachimbaji wanauza mawe yao. Sitataja jina lake wala la depo. Alikuwa na akili na mkono mzuri wa kuandika, wakamweka kwenye mizani. Baada ya majuma machache wakamwonyesha namna ya kuifunga mizani ili kila gunia lipoteze kilo kadhaa. Alikuja kwangu usiku.

— Pasta, nikikataa, kesho niko inje. Nikikubali, benye kuibiwa ni bandugu zangu. Bengine tunaimba nabo mu koro.

Ana mke na watoto wawili, na ilikuwa ni mwezi wa kulipa masomo. Nakwambia kweli, sikuwa na jibu jepesi. Ni vyepesi kwa mchungaji kusema "kataa" wakati si watoto wake watakaofukuzwa darasani. Nilimweleza habari ya kitabu cha nkambo na ya muzee wa kwenye moto. Kisha tukaomba.

Kesho yake alimwambia mkubwa wake kwamba atapima sawasawa, au wamtoe kwenye mizani. Wakamtoa. Leo anabeba magunia palepale, kwa malipo madogo kuliko yale. Kwenye mizani wakaweka mwingine. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba mizani ilinyooka. Lakini wachimbaji walijiuliza kwa nini mtu wa kalamu amekuwa mtu wa gunia, wakapata kujua. Wengi sasa wanapima magunia yao mahali pengine kwanza, mbele ya kuyaleta. Habari ya chumvi ilikuwa imefika Musumba.

Na kanisa? Mama za kanisa walisikia, wakakusanya karo ya watoto kwa mwaka mmoja. Si kitu kikubwa, lakini nasema wazi: kanisa likimwambia kijana "sema kweli," halafu likamwacha alale njaa peke yake, kanisa hilo limenawa mikono pamoja na Pilato.

NA MIMI PIA

Usifikiri nazungumza juu ya watu wa migodi tu. Mchungaji naye ni kapita. Kundi si langu. Petro, katika barua yake ya kwanza sura ya 5, anawakumbusha wachungaji kwamba kuna Mchungaji Mkuu, naye atakuja. Mzee wa kanisa anayeshika sadaka ni kapita. Baba katika nyumba ni kapita, na dada mkubwa anayeachiwa wadogo pamoja na chungu cha ugali ni kapita. Yusufu alikuwa na pete ya Farao kidoleni, na Misri yote mbele yake, lakini katika Mwanzo 50, ndugu zake walipomwangukia kwa hofu, aliwauliza kama yeye yuko mahali pa Mungu. Mtu mwenye pete aliyejua kwamba pete si yake. Watu walikula wakati wa njaa kwa sababu ya mtu wa namna hiyo.

Neno la mwisho. Nimekuambia kwamba kapita ni neno la Wareno, na ndiyo kweli. Lakini masikio yetu ya Kiswahili yanasikia ndani yake kitu kingine: ka-pita, kadogo kanachopita. Si asili ya neno, ni mchezo wa masikio tu, lakini kuna mafundisho ndani yake. Maliwali wa Mombasa walipita. Tippu Tip alipita. Bula Matari alipita, na kofia ya nkambo yangu sijui iko wapi. Kapita naye atapita. Kinachobaki ni yule mtoto aliyelala njaa, anayekumbuka ni nani aliyeshika kalamu.

Jioni ile binti wa koro aliniuliza tena, mbele ya kwenda kwao: "Basi, Pasta, kuwa kapita ni zambi?" Nikamwambia hapana, mwanangu. Watu wengi hawawezi kuishi bila mtu wa kati. Lakini kila asubuhi, mbele ya kushika kalamu, kapita ajiulize: ni nani aliyenituma, na watu niliotumwa kwao, neno lao nimelipeleka?

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika nyumba yenu, ni nani anashika kitu kwa niaba ya wengine? Anapeleka pia maneno ya walio chini?

2. Kama ungekuwa Chinyanta, ungepeleka habari ya chumvi, hata ukijua mto uko karibu?

3. Kijana akipoteza kazi kwa kusema kweli, kanisa lenu litamfanyia nini, si kwa maneno tu?